Dawa ikae anakokaa nyoka: barua ya wazi kwa Baraza la Magavana wa Kenya



Kifutu si nyoka wa kukimbia. Nyoka wengi wakisikia kishindo cha miguu hujiondokea, lakini yeye hubaki palepale pembeni mwa njia, mfupi na mnene, rangi ya ngozi yake imechanganyika na majani makavu na mchanga hata jicho likampita. Mama anayerudi kutoka kuokota kuni magharibi imeshaingia hana namna ya kumwona. Humkanyaga, na kifutu hupiga kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Mguu huanza kuvimba, kwanza kifundo, kisha muundi, na kabla hakujapambazuka uvimbe unaweza kuwa umefika pajani na malengelenge yamejaa maji yenye damu. Kuanzia hapo maisha ya mama huyo yanategemea mambo mawili: umbali wa kituo chenye dawa ya sumu ya nyoka, na kama dawa hiyo iko kweli kwenye friji siku anapofikishwa.

Mambo yote mawili ni ya kaunti. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti 47 uendeshaji wa vituo vya afya, dawa zake na ambulensi zake. Wizara ya Afya ilikwisha kutoa mwongozo wa kukinga, kutambua na kutibu sumu ya nyoka mwaka 2019, na kazi ya wizara kwa sehemu kubwa ni hiyo ya kuelekeza. Kabati la dawa la zahanati iliyo mwisho wa barabara ya vumbi liko chini ya gavana. Ndiyo sababu barua hii haikuelekezwa makao makuu ya wizara, Afya House jijini Nairobi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000. Wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Kwa Afrika peke yake, walioumwa wanaohitaji kutibiwa ni 435,000 hadi 580,000 kwa mwaka. Wengi wao ni wakulima, wachungaji, akina mama na watoto wa vijijini, watu ambao sauti zao hazifiki mbali. Mtalii akiumwa hotelini, habari husambaa siku hiyo hiyo. Mtoto wa mchungaji akifa njiani huzikwa jioni, na mara nyingi hakuna daftari la serikali linaloandika kilichomuua.

Dunia yenyewe ilichelewa kuliona jambo hili. Ilikuwa Juni 2017 ndipo sumu ya nyoka iliporudishwa rasmi katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio, na mwaka uliofuata WHO ikatangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Muda uliobaki hautoshi kuandika mipango mingine. Karatasi zipo tayari, kinachokosekana ni vichupa.

Kenya haina nyoka wa aina moja wala sumu ya aina moja. Sumu ya koboko hukata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli: kope hulegea, mate humezeka kwa shida, kisha kifua hushindwa kupanda. Mgonjwa anaweza kuwa anasikia kila neno linalosemwa kando ya kitanda chake huku hawezi kuvuta pumzi. Swila anayetema hulenga macho, na akiuma huozesha nyama, na mara nyingi huwauma watu waliolala sakafuni ndani ya nyumba zao. Swila mkubwa wa kahawia wa sehemu kavu za mashariki na kaskazini, mrefu kuliko swila wote wanaotema duniani, alikuwa akiwauma Wakenya siku zote, lakini sayansi ilimtambua kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 tu. Aliitwa Naja ashei kwa heshima ya marehemu James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980. Ikiwa nyoka mkubwa kiasi hicho aliweza kukaa bila jina hadi juzi, si ajabu kwamba walioyaonja meno yake hawakuhesabiwa.

Huko kaskazini kuna nyoka mdogo ambaye urefu wake haufiki mita, anayejikunja na kusuguanisha magamba mpaka asikike kama kitu kinachokaangwa. Jamaa zake wa Afrika Magharibi ni miongoni mwa nyoka wanaoua watu wengi zaidi barani. Sumu yake huharibu uwezo wa damu kuganda. Jeraha dogo la meno linaendelea kuvuja, fizi zinatoka damu, mkojo unageuka rangi, na mtu anaweza kuvuja damu ubongoni siku kadhaa baada ya kudhaniwa amepona.

Kwa nyoka wa namna hiyo kuna kipimo ambacho zahanati yoyote inaweza kukifanya bila maabara. Muuguzi huvuta mililita mbili za damu mshipani, akazitia katika chupa ndogo ya kioo iliyo mpya, safi na kavu, akaiweka mezani bila kuitikisa. Anatazama saa. Dakika 20 zikitimia, anaiinamisha chupa mara moja. Damu ikiwa imeshikana kama uji uliopoa, mgonjwa anaendelea kuangaliwa na kupimwa tena. Ikitiririka kama maji, sumu imekwisha kula vile vinavyogandisha damu, na dawa inatakiwa saa hiyo hiyo. Chupa ya plastiki hudanganya, na hata ya kioo iliyooshwa kwa sabuni huharibu majibu. Gharama ya kipimo hiki ni sindano, kichupa na mtu aliyefundishwa. Mkuu wa afya wa kaunti atakayetembelea zahanati zake na kuuliza kama vichupa hivyo vya kioo vipo atajua kwa dakika moja kama kaunti yake iko tayari kumpokea aliyeumwa.

Dawa yenyewe hutengenezwa kwa njia ambayo msingi wake haujabadilika tangu miaka ya 1890, enzi za Albert Calmette wa Ufaransa: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, mwili wake hujenga kinga, na kinga hiyo huchujwa kutoka kwenye damu yake. Maana yake ni kwamba dawa inazijua sumu za nyoka waliotumika kuitengeneza, na pengine za jamaa zao wa karibu. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haina sababu ya kumzuia nyoka wa Turkana. Ghana ililipa gharama ya kutojali jambo hilo. Hospitali moja ya vijijini ilipobadilishiwa dawa ikapewa nyingine isiyofaa kwa nyoka wa huko, vifo miongoni mwa wagonjwa walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Madaktari walikuwa walewale na nyoka walewale. Kilichobadilika ni kichupa kilichonunuliwa.

Kwa hiyo kamati ya zabuni inayochagua dawa kwa kuangalia bei peke yake inaamua nani apone na nani afe, hata kama wajumbe wake hawajawahi kuliona jeraha la nyoka. Nchi ina mahali pa kuuliza. Katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani huko Karen, Nairobi, kuna kituo cha utafiti wa sumu ya nyoka kinachoshirikiana na Chuo cha Tiba za Kitropiki cha Liverpool. Dawa isinunuliwe mpaka ijulikane imepimwa na sumu za nyoka wa Kenya ikazishinda.

Mara nyingi husemwa kwamba wananchi wenyewe ndio wanaokataa hospitali na kukimbilia kwa waganga. Kweli, uchunguzi uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba asilimia 68 ya walioumwa walitafuta tiba kwa mganga wa kienyeji, ambako wengi walichanjwa chale na kupakwa dawa za mitishamba. Ila swali la haki ni hili: wangekwenda wapi? Mtu aliyebebwa usiku kilomita nyingi, akafika kituoni akaambiwa dawa hakuna, akaandikiwa tembe za maumivu na kuelekezwa hospitali nyingine, hurudi kijijini na habari hiyo. Akipona au akifa, majirani wamejifunza. Safari nyingine hawataipita nyumba ya mganga.

Tena mganga ana ushahidi wake. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mgonjwa wa namna hiyo angepona hata akiachwa alale, lakini akiwekewa jiwe jeusi, sifa huenda kwa jiwe. Jiwe hilo kwa hakika ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Watafiti walilijaribu kwa panya waliodungwa sumu ya kifutu, ya swila na ya nyoka mvujisha damu wa Afrika Magharibi, na halikusaidia. Wala hakuna sababu ya kugombana na waganga. Wao ndio wanaogongewa mlango kwanza, na wanawafahamu nyoka wa kwao. Wakifundishwa dalili za hatari na kupewa namba ya simu ya zahanati, watakuwa watu wa kwanza wa kumsukuma mgonjwa hospitalini badala ya kumchelewesha.

Hapa ndipo tatizo linapojifunga lenyewe. Kwa kuwa dawa haipo, wagonjwa hawaji. Kwa kuwa hawaji, daftari la zahanati linaonyesha sifuri. Kwa kuwa daftari linaonyesha sifuri, afisa wa ununuzi haoni haja ya kuagiza. Na kwa kuwa nchi nyingi za Afrika haziagizi, mtengenezaji anafunga mitambo. Kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyokuwa ikikabili sumu za nyoka 10 wa bara hili, mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikamaliza muda wake Juni 2016. Haikuachwa kwa sababu nyoka wamepungua. Iliachwa kwa sababu wateja wenye fedha hawakuwapo, na wagonjwa wenye shida hawakuwa na fedha.

Brazili iliwahi kufika mahali hapo hapo ikatoka. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni binafsi iliyokuwa ikiwauzia dawa ilijitoa, nchi ikaishiwa, na kifo cha mtoto jijini Brasília mwaka 1986 kikazua kilio kikubwa. Mwaka huo huo wizara yao ya afya ilianzisha mpango wa taifa: serikali ikajenga uwezo wa taasisi zake kama Butantan ya São Paulo, ikanunua dawa yote, na ikaigawa bure. Jambo la kuigwa zaidi liko katika namna walivyoigawa. Hospitali iliyotaka vichupa ilitakiwa kuleta taarifa za wagonjwa iliowatibu. Kuhesabu kukawa ndiko kupata dawa, na daftari ambalo hakuna aliyekuwa akilijali likawa na thamani. Baadaye nge na buibui wakaingizwa katika hesabu hiyo hiyo. Kaunti za Kenya zinaweza kufanya hivyo bila kungoja sheria mpya. Ugawaji wa dawa ufuate taarifa, na kuumwa na nyoka kuwe na safu yake katika fomu ya kila mwezi, pamoja na nge, nyuki na taa wa baharini.

Wavuvi wa Lamu, Kilifi na Kwale wasisahauliwe hapa. Mwiba wa taa huleta maumivu ya kumliza mtu mzima, na huduma ya kwanza iko jikoni: kuloweka mguu katika maji ya moto kadiri ngozi inavyostahimili, kwa dakika 30 hadi 90, huku mwenzake akiyapima kwanza kwa mkono wake ili yasimuunguze. Birika na karai pwani, na mtu aliyefundishwa. Baada ya hapo kidonda kisafishwe hospitalini.

Umbali nao una tiba, na tiba hiyo tayari imeegeshwa kila kijiweni. Kusini-mashariki mwa Nepal, vijiji viliwapanga vijana wenye pikipiki wa kujitolea kumchukua aliyeumwa na kumkimbiza kituoni, mgonjwa akikalishwa kati ya dereva na mtu wa kumshika, na wakati huohuo wanakijiji wakafundishwa la kufanya. Vifo miongoni mwa walioumwa vikashuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Hawakujenga hospitali mpya. Kenya ina bodaboda mpaka kwenye vijiji visivyofikika kwa gari. Kinachotakiwa ni kaunti kukubaliana na vyama vya wanabodaboda: nani ataitwa usiku, petroli italipwa na nani, na kituo chenye dawa ni kipi. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Dereva anayekwenda kasi kuelekea mahali pasipo na dawa anapoteza muda wa mgonjwa.

Mwaka 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba ya kazi. Hao wanaingia kila boma. Wafundishe machache ambayo kila mtu anaweza kuyakumbuka: mgonjwa asitembee, avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, kiungo kilichoumwa kitulizwe kama mkono uliovunjika, asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi safi. Na chandarua kile kile cha malaria, kikichomekwa vizuri chini ya godoro, humzuia pia nyoka anayeingia chumbani usiku.

Kuna watu ambao dawa iliwafikia ikiwa imechelewa. Kijana aliyekatwa mguu hawezi tena kufuata mifugo. Msichana ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa makovu hashiki jembe wala kalamu kama zamani. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na madaktari wa akili leo wanathibitisha kwamba manusura wengi huishi na hofu na ndoto mbaya kwa miaka. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilikuwa imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na nyoka alikuwa katika orodha. Baadaye aliondolewa. Familia zikabaki na deni la hospitali, na mara nyingi ng'ombe wameshauzwa. Kwa sababu hiyo, kumtoza aliyeumwa bei ya vichupa ni kumwadhibu mara ya pili. Dawa hii itolewe bure, kama inavyotolewa ya kichaa cha mbwa pale ambapo serikali imeamua kuwa na huruma.

Kuhusu ununuzi, kaunti zisiende sokoni moja moja. Kaunti moja ikitafuta vichupa 50 haitasikilizwa na mtengenezaji yeyote. Baringo, Kitui, Turkana, Samburu, Kilifi, Taita Taveta na nyingine zenye nyoka wengi zikiungana kupitia KEMSA, mamlaka ya taifa ya kusambaza dawa, zikaagiza kwa miaka mitatu mfululizo, mtengenezaji atakuwa na sababu ya kuendelea kuwapo, na bei itazungumzika. Vituo visivyo na umeme wa uhakika vipelekewe dawa ya unga mkavu, ambayo aina kadhaa zake hazidai friji kama ya maji. Kila penye dawa pawe na adrenalini, kwa kuwa kinga ya farasi yenyewe inaweza kuuchafua mwili wa mgonjwa ghafla, na pawe na mfuko wa kumpulizia hewa aliyepooza kifua. Pawe pia na muuguzi anayejua kwamba mtoto hupewa kiasi kile kile cha mtu mzima, maana nyoka hapimi sumu kwa kuangalia udogo wa anayemuuma.

Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa kwenye mabunge ya kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, wakati mvua za masika zimeanza, mashamba yanalimwa na nyoka wako nje. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Waheshimiwa, wananchi wanaomba makadirio yajayo ya kila kaunti yawe na mstari mmoja wa dawa ya sumu ya nyoka, wenye kiasi cha fedha mbele yake na majina ya zahanati zitakazoipokea. Orodha hiyo ibandikwe ukutani kwa chifu, ili mama aliyekanyaga kifutu usiku apelekwe moja kwa moja mahali ilipo.